Presha ya kushuka mkononi, presha ya kupanda kichwani: Takayasu na ubongo

Mwanamke wa miaka 26 anayechuma chai Mufindi anafika zahanati. Ana kizunguzungu, kichwa kinauma kisogoni, na mkono wa kushoto unachoka kabla kapu halijafika nusu. Mashine inasoma 84/50. Anaambiwa ana presha ya kushuka: anywe maji mengi, aongeze chumvi, ale vizuri. Anarudi nyumbani analamba chumvi. Kumbe presha yake halisi, ile inayougonga ubongo usiku na mchana, huenda ni 190. Mashine ilipima sawasawa kilichokuwepo kwenye mkono ule. Mkono ndio uliodanganya.

Ugonjwa unaoweza kumfanyia mtu hivyo unaitwa Takayasu. Ni kuvimba kwa muda mrefu kwa kuta za mishipa mikubwa ya damu: aota, yaani mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, pamoja na matawi yake yaendayo shingoni, mikononi, kwenye figo na miguuni. Kinga ya mwili inaushambulia ukuta wa mshipa, ukuta unanenepa, njia ya damu inabana, na baadaye panabaki kovu gumu. Pengine ukuta hudhoofika ukatuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Hauambukizi. Wengi wanaoupata ni wanawake, na kwa kawaida huanza kabla ya kufika miaka 40, umri ambao hakuna anayewaza kiharusi.

Jina limetoka kwa Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani, aliyeeleza mwaka 1908 mishipa isiyo ya kawaida aliyoiona ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21. Madaktari wenzake wawili wakasema nao wamekutana na wagonjwa wa namna hiyo, na kwenye kifundo cha mkono mapigo hayakushikika. Ndiyo maana huitwa pia ugonjwa wa kukosa mapigo. Na si ajabu kwamba mtu wa macho ndiye aliyeuona kwanza. Jicho na ubongo vinakunywa kutoka bomba moja.

Ni ugonjwa wa nadra, tuliweke hilo wazi. Wengi wenye kizunguzungu kati ya Tunduma na Ruaha Mbuyuni wana upungufu wa damu, mimba changa, malaria, njaa ya asubuhi au shida ya sikio. Lakini kuutafuta hakuhitaji mashine ya Dar es Salaam. Kunahitaji mikono miwili ya mgonjwa, mguu mmoja na muda kidogo wa mpimaji.

Ubongo unaumiaje

Damu hupanda kwenye ubongo kwa mishipa minne. Miwili, karotidi, ipo mbele ya shingo, kila upande mmoja. Ukigusa pembeni ya koromeo utaisikia ikidunda. Miwili mingine, vetebra, hupanda kwa nyuma ikipenya kwenye matundu ya mifupa ya shingo. Takayasu hubana zaidi karotidi na mshipa wa chini ya mtulinga uendao mkononi, hasa wa kushoto. Mshipa huo wa mkononi ndio pia unaozaa vetebra, na hapo ndipo mkono na ubongo vinapogombania damu.

Anayelima vinyungu, yaani mashamba ya bondeni, ataielewa haraka. Mfereji wa shamba la chini ukizibwa kwa juu, shamba hilo huanza kuvuta maji kutoka mfereji wa jirani. Mshipa wa mkono ukibana kabla ya tawi la vetebra kuchipuka, mkono unaofanya kazi huvuta damu kinyumenyume kutoka kwenye vetebra, yaani kutoka kwenye ubongo. Kwa hiyo dalili huja na kazi ya mkono: kusuka nywele, kufua, kutwanga, kuanika nguo kwenye kamba ndefu, kupandisha ndoo kichwani. Mkono unauma na kuwa mzito, halafu kichwa kinazunguka, macho yanaona viwili viwili, au mtu anaanguka. Akiuteremsha mkono na kupumzika dakika chache, mambo yanatulia. Swali la kumuuliza mgonjwa, basi, ni hili: "Kizunguzungu kinakuja ukiwa unafanya nini?" Hilo lina thamani kuliko "Una kizunguzungu?"

Karotidi zikibana, dalili ni nyingine. Jicho moja linafunikwa na kiza kama pazia lililoshushwa, dakika mbili tatu, kisha linafunguka. Au macho yote yanafifia mgonjwa anaposimama ghafla. Wapo ambao mishipa yao imebana mno hata wanatembea wameinamisha kichwa, maana wakiinua uso kuona kinapungua. Watu husema ana aibu. Wengine hupata kiharusi cha kupita: mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, mdomo unakwenda kombo, maneno yanagoma, na ndani ya saa moja kila kitu kimerudi. Kwa kuwa kimerudi, anaambiwa ni upepo. Kiharusi cha kupita ni notisi. Siku chache zinazofuata ndizo za hatari kubwa zaidi kwa kiharusi kamili, kwa hiyo mgonjwa anakwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea vizuri na anacheka.

Tafiti nyingi zinaweka kiharusi, cha kupita au kamili, kwenye asilimia 10 hadi 20 ya wagonjwa wa Takayasu. Kinatokea kwa njia tatu: damu haifiki ya kutosha, bonge la damu linatoka kwenye mshipa uliovimba na kuziba mbele, au presha inapasua mshipa ndani ya ubongo. Njia hii ya tatu ndiyo ya yule mchuma chai. Mshipa wa figo ukibana, figo hudhani mwili hauna damu na kuamuru presha ipande. Presha ikipanda kupita kiasi, sehemu ya nyuma ya ubongo huvimba: kichwa kinapasuka kwa maumivu, macho yanafifia, mtu anachanganyikiwa, kisha anapata degedege. Hali hiyo mara nyingi hurudi sawa presha ikidhibitiwa mapema. Kama kila anayepima anatumia mkono uliobana, presha hiyo haionekani mpaka degedege lenyewe.

Na kuna maumivu ya shingo ambayo watu huyapuuza: mshipa wa pembeni mwa koromeo unauma ukiguswa, hasa ugonjwa ukiwa mchanga, pamoja na homa ndogo ndogo, jasho la usiku, kukonda na uchovu. Kwa sura hiyo, kwenye mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, wa kwanza kushukiwa ni kifua kikuu, na ni haki yake kushukiwa. Lakini kipimo cha makohozi kikirudi safi na picha ya kifua ikawa safi, usimwanzishie tu dawa za kubahatisha. Shika mapigo ya mikono yote miwili kwanza.

Kupima: mikono miwili na mguu

Juni na Julai, Makete au Njombe, mgonjwa huja na sweta mbili na koti. Mkanda wa presha unafungwa juu ya sweta, na namba inayotoka haina maana. Mkunje nguo? Hapana, mkono wa sweta uliokunjwa hubana mkono kama kamba. Avue. Mahali penye baridi kali, weka jiko mbali kidogo au mpe kanga ajifunike mabega, ila mkono ubaki wazi.

Apumzike dakika 5 ameketi, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kupishana, kibofu kikiwa tupu, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Mkono ulazwe mezani usawa wa moyo. Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba za uongo. Pima mkono wa kulia, pima wa kushoto, subiri dakika moja, rudia yote miwili. Andika namba nne na upande wake. Siyo namba moja.

Tofauti ya namba ya juu ikizidi 10 na ikajirudia, andika na ufuatilie. Ikizidi 20, hiyo si ya kuachwa. Mkono wenye namba ya juu ndio unaosema ukweli, au tuseme ndio unaoukaribia ukweli zaidi. Wagonjwa wengi hutoa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeshika kadi, pochi au mtoto, na wa kushoto ndio Takayasu inaoupenda.

Mashine za umeme zina tabia moja ya kujua. Kwenye mkono uliobana sana hazipati mapigo, zinajaza, zinajaza tena, halafu zinaandika kosa. Mpimaji anabadilisha betri. Betri mpya, kosa lilelile. Kama mashine hiyohiyo inasoma mkono wa pili bila shida, betri haina kosa.

Kisha mguu, ambao karibu hakuna anayeupima. Mgonjwa alale chali dakika 5 hadi 10. Mkanda ufungwe juu ya kifundo cha mguu, ukingo wake sentimita 2 au 3 juu ya mfupa wa kifundo. Tafuta mapigo nyuma ya kifundo cha ndani kwa ncha za vidole viwili, si kwa kidole gumba, maana gumba lina mapigo yake. Jaza mpaka mapigo yapotee, ongeza 20 au 30, shusha polepole, kama 2 kwa sekunde. Mapigo yanaporudi, hiyo ndiyo namba ya juu ya mguu. Ya chini huipati kwa njia hii na huihitaji. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyelala, namba ya mguu hulingana na ya mkono au huizidi kidogo. Ikizidi mikono yote miwili kwa 30 na zaidi, amini mguu. Ikiwa chini sana ya mikono, huenda aota yenyewe imebana kifuani au tumboni.

Wapo wachache ambao viungo vyote vinne vimebana. Hapo mkanda wowote haufai. Daktari ataangalia nyuma ya jicho, atapima moyo kwa altrasaundi kuona kama ukuta wake umenenepa kwa kusukuma presha kubwa, atatazama protini kwenye mkojo, na pengine presha ya kweli itapimwa kwa mrija ndani ya aota.

Kushika mapigo ni sanaa ya dakika moja. Shika vifundo vyote viwili vya mikono kwa wakati mmoja: upande mmoja ukiwa hafifu au ukichelewa utausikia. Shingoni shika upande mmoja tu kwa wakati. Ukizibana karotidi zote mbili unaweza kumzimisha mtu mbele yako. Mwenye stetoskopu asikilize juu ya mtulinga, pembeni ya shingo, na kandokando ya kitovu. Mshipa uliobana hutoa mvumo unaokwenda na mapigo, vuu, vuu, kama upepo kwenye dirisha lisilofunga vizuri.

Kuhusu ganzi na baridi: mtu wa Kitulo atakuambia mikono ya kila mtu hufa ganzi asubuhi. Kweli. Ila ganzi ya baridi hupata mikono yote miwili, hubadilisha rangi ya vidole, na hupona mtu akiota moto. Ya Takayasu hupenda mkono mmoja, huja na kazi hata jua likiwa kali mchana, na mapigo yake hayashikiki vizuri hata mkono ukiwa na joto.

Vipimo na safari

ESR na CRP, vipimo viwili vya damu, huonyesha kama kuna uvimbe mwilini, na ni vya bei nafuu. Kasoro yao ni kwamba vinaweza kuwa vya kawaida huku mshipa unaendelea kuvimba kimyakimya. ESR nzuri haimfungulii mtu mlango wa kwenda nyumbani. Kipimo cha kwanza chenye maana ni altrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu ikitembea, ya mishipa ya shingo na ya chini ya mtulinga. Mtaalamu anatafuta ukuta ulionenepa sawasawa kuzunguka mshipa wote, urefu wa sentimita kadhaa. Utando wa mafuta wa wazee hukaa mabakamabaka. Kwenye fomu, mwambie hasa unachotaka: "Dopla ya karotidi, vetebra na mishipa ya mikono, pande zote mbili." Ukiandika "altrasaundi" peke yake, utarudishiwa picha ya tumbo.

Baada ya hapo ni CT ya mishipa au MRI ya mishipa, kuonyesha aota na matawi yote. CT ya mishipa inatumia dawa ya rangi yenye iodini, hivyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ipimwe kabla, hasa kama figo zimeshaguswa. Aliyepata kiharusi anahitaji pia CT ya kichwa kutofautisha bonge na damu iliyovuja, kwa sababu tiba zake ni kinyume. Kwa mtu wa Mbeya, Songwe au Rungwe mlango wa kawaida ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya; wa Iringa na Njombe huanzia hospitali zao za rufaa za mikoa, na wengi wa milimani hupanda hospitali ya Ikonda, Makete. Upasuaji wa mishipa na kutanua kwa puto mara nyingi huishia Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya kwa barabara, kwa hiyo usipande basi bila rufaa, majibu yote na CD ya picha. Karatasi ya maelezo peke yake huwalazimisha kurudia picha, na picha ndiyo iliyokula hela.

Kabla ya kuanza dawa za kupunguza kinga, kuna orodha isiyorukwa hapa kwetu: VVU, kaswende, homa ya ini B, kifua kikuu, sukari, picha kamili ya damu, figo na ini. VVU na kaswende si za kutimiza fomu tu, kwa sababu zote mbili zinaweza kuharibu mishipa mikubwa na kujifanya Takayasu. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya imo miongoni mwa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwa hiyo swali hili linaulizwa kila mara bila kuoneana haya. Anayetoka maeneo ya joto na mashamba ya mpunga kama Kyela, akiwa amezoea kutembea peku, apewe kwanza dawa ya minyoo aina ya strongiloidi. Kwa kawaida ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Minyoo hiyo ikikutana na prednisoloni nyingi husambaa mwili mzima, na inaweza kuua.

Dawa, na mambo yanapoharibika

Tiba huanza na prednisoloni, miligramu 40 hadi 60 kwa siku kwa mtu mzima. Mtu wa kilo 50 atapewa pengine 50, yaani vidonge 10 vya miligramu 5, vyote asubuhi kwa mkupuo baada ya kula uji au chai nzito. Ukimeza jioni hulali, na usiku usio na usingizi humfanya mtu aone vitu na kugombana na ndugu. Dozi hupunguzwa taratibu: lengo la kawaida ni kufika 15 hadi 20 ndani ya miezi miwili mitatu, na 10 au chini yake baada ya mwaka. Anayepunguza ni daktari.

Kosa linaloongoza ni kuacha ghafla. Uso umevimba, watu wanasema umenenepa au una mimba, nauli ya kliniki imekwisha, dawa zimekwisha, mtu anaacha. Baada ya wiki chache za prednisoloni tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala. Ukiikata ghafla mwili hauna homoni ya kusimamia presha. Mtu anatapika, analegea, presha inaanguka kweli, na kwa mwenye karotidi zilizobana huko kuanguka peke yake kunatosha kuleta kiharusi. Bakiza akiba ya siku 7 nyumbani. Ukiwa unatapika huwezi kumeza, nenda upewe kwa sindano. Usisubiri kesho.

Pamoja nayo huongezwa dawa ya pili ili prednisoloni ishuke, mara nyingi metotreksati au azathioprini. Metotreksati inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Miligramu 15 ni vidonge 6 vya 2.5, siku moja, kisha hakuna mpaka wiki ijayo. Chagua siku yenye jina: Jumapili baada ya ibada, au siku ya gulio. Aliyemeza kila siku hupata vidonda mdomoni, kisha uboho unaacha kutengeneza damu. Asidi ya foliki miligramu 5 humezwa kwa siku nyingine ya wiki. Damu na vimeng'enya vya ini hupimwa baada ya wiki 2, kisha kila mwezi mwanzoni, baadaye kila miezi 3.

Jambo moja linahitaji kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari la mgonjwa: metotreksati na kotrimoksazo, ile ambayo wengi huiita Septrini, havikai pamoja. Zote mbili huzuia folati, vitamini ya kutengenezea damu, na uboho huzimika. Septrini inatolewa sana kwetu, kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa kinga ya wanaoishi na VVU, na duka la dawa halikuulizi unameza nini kingine. Wewe ndiye wa kusema. Diklofenaki na ibuprofeni nazo si rafiki: pamoja na prednisoloni hutoboa tumbo, na zinapandisha presha na kuumiza figo. Kichwa kikiuma, parasetamoli. Na pombe za kienyeji, ulanzi, komoni, kangara? Kwa anayemeza metotreksati, ini linabeba mizigo miwili. Tunajua msimu wa ulanzi unavyovuta, lakini ushauri ni kuacha.

Dawa ya kifua kikuu rifampisini huondoa prednisoloni mwilini haraka, kiasi kwamba dozi ya zamani haitoshi tena. Daktari wa kliniki ya TB aambiwe mapema. Mgonjwa aliye kwenye dawa hizi akipata kichwa kikali na homa, shingo ikakaza, usiseme Takayasu imerudi. Huenda ni homa ya uti wa mgongo ya TB au ya fangasi, na jibu linapatikana kwenye maji ya mgongo, si kwenye kuongeza prednisoloni.

Presha ya kupanda inatibiwa, ila kwa kujua ubongo unategemea nini. Kidonge cha nifedipini kupasuliwa na kuwekwa chini ya ulimi ni desturi ya zamani ambayo ingezikwa. Presha huporomoka kwa dakika, na ubongo unaopata damu kupitia mshipa mwembamba unakosa kabisa. Kushusha kunafanywa polepole, kwa kupima kiungo kinachosema kweli. Kaptoprili, enalaprili na losartani, nazo dawa za presha, zinaweza kuzimisha figo kama mishipa ya figo zote mbili imebana. Ukizianza, pima kreatinini na potasiamu wiki 1 hadi 2 baadaye. Chumvi ibaki chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikiwemo ya mboga, ya dagaa na ya chipsi.

Aspirini ndogo, miligramu 75, hupewa wenye mishipa ya ubongo iliyobana baada ya daktari kuhakikisha hakuna damu iliyovuja na presha imetulia. Si ya kujianzishia.

Kutanua kwa puto au kupachika mshipa mpya hungoja uvimbe utulie kwanza. Mshipa unaotanuliwa ukiwa bado umevimba huziba tena mapema. Na baada ya karotidi kufunguliwa, siku za kwanza ubongo uliozoea kijito unapokea mto. Kichwa kuuma vikali upande ule uliofunguliwa, kutapika au degedege ni sababu ya kurudi wodini usiku huohuo, hata kama mmekwisha kuruhusiwa na mko nyumba ya wageni mnasubiri basi.

Kiharusi kikitokea

Mwambie acheke: mdomo unakwenda kombo? Ainue mikono miwili: mmoja unashuka? Aseme sentensi nzima: maneno yanasagika? Moja tu linatosha. Angalia saa, andika mara ya mwisho alipoonekana mzima, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge, panapopatikana, hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tu. Mlaze kwa ubavu. Usimpe maji, uji, chai wala kidonge, anaweza kukabwa. Usimpe aspirini, hujui kama ni bonge au ni damu. Bodaboda haifai kwa mtu asiyeweza kujishikilia. Kama wazee wa ukoo wanataka aombewe kwanza, waombee wakiwa ndani ya gari. Ufikapo hospitali, maneno ya kwanza ni "Ana Takayasu, mpime presha mguuni."

Kwa anayetaka mtoto: metotreksati iachwe miezi 3 kabla, ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6, na azathioprini mara nyingi inaweza kuendelea. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni viepukwe, vinapandisha presha na kugandisha damu. Kitanzi au kijiti ni bora. Kliniki ya wajawazito hupima presha kila hudhurio, lakini kifafa cha mimba kinaweza kumpita mkunga kabisa kama mkono uliobana ndio unaopimwa. Ajifungulie hospitali ya rufaa.

Kila mgonjwa atembee na kadi. Karatasi ngumu ya kiganja, maandishi makubwa, ipigwe lamineti mjini, nakala nyuma ya kadi ya bima na picha yake kwenye simu:

"Nina ugonjwa wa Takayasu. Presha yangu ipimwe MGUU WA KULIA tu. Mkono wa kushoto hausomi. Presha yangu ya kawaida mguuni ni ___. Nameza prednisoloni miligramu ___, isikatwe ghafla. Nameza metotreksati siku ya ___, nisipewe Septrini. Nikishindwa kuongea, mpigie ___."

Mguu na mkono hapo juu ni mfano: kiungo cha kupima kinajazwa na daktari baada ya kupima vyote vinne, na kinabadilishwa mshipa ukibadilika. Andika tarehe.